Je, Wajua? Mzee wa Macharanga alikuwa pia sauti ya mpira

Je, wajua kwamba Charles Hilary, aliyepachikwa jina la Mzee wa Macharanga kwa kipindi chake cha muziki Radio One, ndiye yule yule aliyewatangazia Watanzania mpira?

Alizaliwa Zanzibar mwaka 1959, akaanzia Radio Tanzania Dar es Salaam, enzi ambazo redio binafsi hazikuwapo nchini. Siku ya mechi ya Simba na Yanga, asiye na tiketi alikuwa na macho ya mtangazaji tu. Mtangazaji ndiye aliyemwambia mpira uko kwa nani, uko winga ipi, beki amejikwaa au amechezewa rafu. Kazi ngumu hiyo, kwani akinyamaza kidogo tu uwanja wote unazimika.

Mchikichini, Dar es Salaam, ambako unatembea kwa miguu hadi klabuni kwa Simba, Msimbazi, au kwa Yanga, Jangwani, mambo hayo bado yapo. Kwenye soko la mitumba la Karume redio huning'inizwa msumarini juu ya rundo la jinzi. Sauti ya mtangazaji ikipanda, mkono unaokunja suruali unasimama hewani, na mteja naye anasahau kupatana bei.

Hilary mwenyewe baadaye alihamia Deutsche Welle, Ujerumani, kisha BBC, London. Mwaka 2015 alirudi nyumbani, akajiunga na Azam Media, na baadaye akawa Msemaji Mkuu wa Serikali ya Zanzibar. Alifariki Mei 2025. Kwa waliokua wakimsikiliza redioni, lafudhi yake ile safi, isiyo na haraka, haijapata mbadala.