Viazi Katika Gunia: Shamba la Mpangaji wa Remera



Mpangaji wa Remera hana shamba. Ana mlango, ukuta, na ua mdogo anaogawana na majirani. Viazi mviringo anavyokula hutoka Musanze na Nyabihu, chini ya milima ya volkeno, navyo hupita kwa dalali, mwenye lori na mchuuzi kabla ya kufika sufuriani. Kila mmoja huchukua chake njiani, na mshahara ni uleule. Ndiyo maana baadhi yetu tulianza kupanda viazi katika magunia.

Hatutaki kumdanganya mtu. Gunia letu la kwanza lilitutia aibu. Tuliliegemeza kwenye ukuta wa bati palipopigwa na jua la mchana. Majani yalistawi hata majirani wakaja kuyatazama. Tulipolimwaga, tukakuta viazi vya ukubwa wa maharagwe. Kosa halikuwa udogo wa mahali, lilikuwa joto. Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari; Kinigi, kule Musanze, ambako aina ya kiazi tunayoipenda ilipata jina lake, ni zaidi ya mita 2,000. Udongo ukipata joto, mmea hukuza majani na kusahau viazi.

Sasa tunaweka gunia mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, juu ya matofali mawili, na tunapanda mwanzoni mwa mvua, Machi au Septemba. Gunia la kusuka la mchele latosha, au ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Mifuko laini ya plastiki tuiache. Imepigwa marufuku nchini tangu 2008. Tunakunja gunia, tunatia udongo na samadi iliyooza vizuri, tunazika mbegu mbili au tatu zilizochipua. Shina likipanda, tunaongeza udongo, kwani kiazi kikionwa na jua hugeuka kijani na kuwa sumu.

Mbegu ndiyo penye hasara kubwa. Kiazi cha sokoni chaweza kuleta mnyauko wa bakteria. Mmea ukinyauka ghafla ungali kijani, kata shina, litumbukize katika glasi ya maji safi: ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ng'oa yote na udongo wake usiutumie tena kwa viazi.

Likitunzwa, gunia hutoa kilo mbili, pengine tatu, baada ya miezi mitatu na nusu au minne. Ni chakula cha siku chache. Basi mwajiri asije mezani kwenye majadiliano ya mishahara akatuhesabia magunia yetu!

Baada ya kuvuna, udongo ulio mzima tunaupanda maharagwe au mchicha. Nyanya hapana, maana ni ndugu wa kiazi na ugonjwa wao ni mmoja.