Kutoka Wakimbizi hadi Taifa: Kanisa Katoliki na Haki za Wapalestina

Kila Ijumaa Kuu parokia zetu hukusanya sadaka ambayo haibaki parokiani wala jimboni. Ni mchango kwa ajili ya Nchi Takatifu. Waamini wengi hudhani fedha hizo ni za kutunza Kaburi Takatifu na Kanisa la Kuzaliwa kwa Bwana kule Bethlehemu. Hawakosei, ila hilo ni sehemu tu ya jambo lenyewe. Papa Paulo VI, katika waraka wake Nobis in Animo wa mwaka 1974, alionya kwamba bila Wakristo wanaoishi pale, mahali patakatifu pangebaki kama makumbusho. Na Wakristo hao ni akina nani? Wengi wao ni Waarabu, Wapalestina, wanaosali Baba Yetu kwa Kiarabu.

Nalitaja hili kwa sababu ya swali linaloulizwa mara nyingi, hata na Wakatoliki wanaoshika sana jumuiya: Kanisa linawezaje kuwatetea Wapalestina wakati Israeli ndiyo taifa teule la Mungu? Swali hilo linastahili jibu, na jibu linahitaji historia kidogo.

Tuanze na jambo lisilopendeza. Mwaka 1904 Theodor Herzl, mwasisi wa harakati za Kizayuni, alionana na Papa Pio X akiomba Kanisa liunge mkono Wayahudi kurudi Palestina. Papa alikataa. Tusidanganyike hapa: hakukataa kwa kuzifikiria haki za Waarabu waliokuwa wakiishi pale, bali kwa sababu Wayahudi hawakumpokea Kristo. Mtazamo wa namna hiyo juu ya Wayahudi ulirekebishwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965. Kwa hiyo anayetafuta chimbuko la utetezi wa Wapalestina asilitafute mwaka 1904.

Chimbuko ni vita vya mwaka 1948, vilivyowafanya Wapalestina wapatao laki saba wakimbie au wafukuzwe makwao. Katika muda usiofika mwaka mmoja, Papa Pio XII aliandika ensiklika tatu zilizogusa Palestina. Aliomba Yerusalemu iwekwe chini ya usimamizi wa kimataifa, na akawalilia wakimbizi. Mwaka 1949 aliunda Utume wa Kipapa kwa ajili ya Palestina ili wapate chakula, matibabu na shule. Lakini tazama lugha iliyotumika: Wapalestina walikuwa wakimbizi, watu wa kuhurumiwa. Bado hawakutajwa kama taifa lenye madai yake.

Lugha ilibadilika taratibu chini ya Papa Paulo VI, ambaye alihiji Nchi Takatifu Januari 1964. Kutokana na hija ile kilizaliwa Chuo Kikuu cha Bethlehemu, kilichofunguliwa mwaka 1973 chini ya Mabruda wa La Salle. Wanafunzi wake wengi ni Waislamu, jambo linaloonyesha kwamba Kanisa halikuwa likitetea kundi lake peke yake. Kisha Desemba 1975, akihutubia Makardinali kabla ya Noeli, Papa aliwasihi Wayahudi, ambao wenyewe walikuwa wametoka katika maangamizi makubwa, watambue haki na matarajio halali ya taifa jingine lililoteseka kwa muda mrefu: taifa la Wapalestina. Mkimbizi sasa alikuwa na jina na alikuwa na haki.

Hatua ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi mimi ninayesoma falsafa. Ijumaa Kuu ya mwaka 1984 Papa Yohane Paulo II alitoa barua ya kitume Redemptionis Anno. Humo aliwaombea Wayahudi wanaoishi katika Dola la Israeli usalama na utulivu, na papo hapo akasema kwamba Wapalestina wana haki ya asili kupata tena nchi yao na kuishi kwa amani na majirani. Neno “asili” halikuwekwa pale kama pambo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kuwa haki ni utashi thabiti wa kumpa kila mmoja kilicho chake. Kama jambo ni la mtu kwa asili, basi halitokani na hisani ya serikali wala uamuzi wa mshindi wa vita. Mtu asiye na pasipoti bado ana haki hiyo, kwa kuwa ilikuwapo kabla ya pasipoti. Na kwa sababu hiyohiyo Myahudi naye ana haki ya kulala bila hofu ya roketi. Anayeitumia hoja hii upande mmoja tu ameshaivunja.

Na taifa teule je? Mwaka 1985 Tume ya Vatikano ya mahusiano na Wayahudi ilitoa mwongozo juu ya namna ya kuueleza Uyahudi katika mahubiri na katekesi. Mwongozo huo unatutaka tuheshimu uhusiano wa Wayahudi na nchi ya mababu zao, lakini unasema kuwapo kwa Dola la Israeli na maamuzi yake ya kisiasa yapimwe kwa kanuni za sheria za kimataifa, si kwa mtazamo wa kidini. Kwa maneno mengine, agano la Mungu na Abrahamu halijafutwa, lakini agano hilo si hati ya kuhalalisha kila amri ya waziri wa ulinzi. Natamani mwongozo huu ungesomwa zaidi na sisi tunaojiandaa kuhubiri.

Desemba 1987, mwezi uleule ilipoanza intifada ya kwanza, Yohane Paulo II alimteua Michel Sabbah, mzaliwa wa Nazareti, kuwa Patriaki wa Kilatini wa Yerusalemu. Alikuwa Mpalestina wa kwanza katika nafasi hiyo kwa karne nyingi. Chini yake ilianzishwa Jumuiya ya Mtakatifu Ivo, inayowapa msaada wa kisheria wanaonyang'anywa ardhi au kutenganishwa na familia zao. Baadaye akawa miongoni mwa walioandika Kairos Palestina ya mwaka 2009, ambayo ilisema wazi kwamba ukaliaji wa mabavu ni dhambi. Vatikano yenyewe huchagua maneno ya kidiplomasia zaidi, na Wakristo wa kule wamewahi kuona kwamba ni ya upole mno. Nadhani pande zote mbili zina sababu.

Diplomasia hiyo ilizaa mkataba na Israeli mwaka 1993, mkataba wa msingi na Chama cha Ukombozi wa Palestina mwaka 2000, na mwaka 2015 mkataba na Dola la Palestina kwa jina hilo.

Kisha ikaja tarehe 7 Oktoba 2023. Hamas iliua watu wapatao 1,200 na kuteka wengine wapatao 250. Waliouawa ni pamoja na vijana wawili Watanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo, hivyo nasi tulilia. Papa Francisko alilaani shambulio hilo, akadai mateka waachiwe, na akapinga mauaji ya raia yaliyofuata huko Gaza. Novemba ya mwaka huo, siku moja, alipokea kwanza ndugu wa mateka, kisha Wapalestina wenye ndugu Gaza. Karibu kila jioni alipiga simu Parokia ya Familia Takatifu, parokia pekee ya Kikatoliki katika Ukanda huo. Mara ya mwisho ilikuwa siku mbili kabla ya kifo chake.

Tarehe 17 Julai 2025, chini ya Papa Leo XIV, kombora la Israeli lilipiga kanisa la parokia hiyo. Watu watatu walikufa, na paroko alijeruhiwa. Israeli ilisema ni makosa. Kesho yake Kardinali Pierbattista Pizzaballa na Patriaki wa Kiorthodoksi Theophilos III waliingia Gaza. Mwezi uliofuata, jeshi lilipojiandaa kuuhamisha mji wa Gaza, mapatriaki hao walitangaza kwamba mapadre na watawa wangebaki pale pamoja na wagonjwa, wazee na walemavu waliokuwa wamehifadhiwa katika majengo ya makanisa.