Shingo Iliyochakaa na Tiba Zake Kisiwani Pemba

Shingo ya binadamu ina pingili saba, na baina yake, isipokuwa kati ya ya kwanza na ya pili, mna visahani laini vyenye maji mengi vinavyopokea mshindo wa kila mwendo wa kichwa. Umri unaposogea visahani hivyo hukauka na kusinyaa, gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye maungio, hulika, na mwili, katika kujaribu kuimarisha palipolegea, huotesha vijipembe vya mfupa ambavyo pengine huibana mishipa ya fahamu. Uchakavu huu, unaoitwa spondilosisi ya shingo, huonekana kwa watu wengi waliopita miaka 50, na wengi wao hawaumwi chochote. Ndiyo maana picha ya eksirei peke yake haitoshi kuamua tiba.

Pemba, inakotoka sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, kazi za msimu huilemea shingo kwa namna zinazopingana. Mchumaji aliye mtini huinua uso kwa saa nyingi akivuta matawi. Usiku, watu wa nyumbani hukaa mkekani wameinamisha vichwa, wakitenga karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, konzi baada ya konzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta uchakavu mwingi zaidi kwa wabebaji wa mizigo kichwani kuliko kwa wasiobeba, lakini si haki kuilaumu ngata, yaani kata ya nguo inayowekwa kichwani chini ya mzigo, pekee, kwani umri na kurithi navyo vina sehemu yake.

Kwa maumivu ya kawaida, tiba inayofaa haina makuu: parasetamoli au, kwa muda mfupi, dawa za kupunguza uvimbe kama diklofenaki, ambayo mwenye vidonda vya tumbo, presha au maradhi ya figo hapaswi kuinunua dukani kwa kujiamulia, pamoja na mazoezi, mathalani kusukuma paji la uso dhidi ya kiganja bila ya kukiacha kichwa kisogee. Kola ya shingo huvaliwa siku chache tu, maana ikizoewa misuli hudhoofika. Mafuta ya makonyo yanayozalishwa kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, yana eujenoli, kemikali inayotia ganzi, na yakizimuliwa kwa mafuta ya nazi huweza kutuliza, ila hayazifikii pingili. Sindano za Kichina nazo si ngeni, kwani madaktari wa China wamehudumu Zanzibar tangu mwaka 1964, na Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa nchi yao na kufunguliwa mwaka 2016. Sindano hizo huwapa baadhi ya wagonjwa nafuu ya muda, bila ya kuuondoa uchakavu wenyewe.

Hatari kubwa, hata hivyo, huweza kuja pasipo maumivu yoyote. Inapobanwa kamba kuu ya fahamu, ile inayoshuka ndani ya pingili kutoka kwenye ubongo, vidole hushindwa kufunga vifungo vya kanzu au kuchambua karafuu, miguu hukakamaa, mwendo huyumba, na baadaye mkojo hauzuiliki. Hapo kuchuliwa na kukunjuliwa shingo kwa nguvu si tiba tena bali ni kuongeza madhara. Kinachohitajika ni picha ya MRI, inayotumia sumaku kuonyesha kamba hiyo, kisha mara nyingi upasuaji: ama kupitia mbele, kisahani kiondolewe na pingili ziunganishwe, njia iliyoenea tangu miaka ya 1950, ama kupitia nyuma, ili mfereji wa mifupa upanuliwe. Kwa Mpemba hilo maana yake ni kuvuka bahari, hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ambako taasisi ya upasuaji ya NED ilifunguliwa mwaka 2014, au hadi MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Shabaha ya kwanza ya upasuaji ni kuzuia ulemavu usizidi, na nguvu zilizokwisha kupotea hurudi kwa baadhi tu. Kwa hiyo safari inayoahirishwa mpaka karafuu ziuzwe ina gharama isiyoandikwa kwenye tiketi ya boti.