Kuhifadhi na Kupachika: Maelezo ya Picha katika Kompyuta

Katika makala haya tunakusudia kueleza tofauti baina ya vitendo viwili ambavyo wafasiri wetu wamezoea kuvitaja kwa neno moja, hifadhi. Vitendo hivyo hutokea katika programu za kutunza picha. Huenda wasomaji wasiotumia programu hizo wakaona kuwa jambo hili ni dogo. Nasi tulidhani hivyo, mpaka tulipoletewa suala la ofisi moja ya pwani ya kusini, ambayo hatuna haja ya kuitaja.

Ofisi hiyo ilikuwa na picha za magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Kwa miezi mingi karani wake alikaa na wazee, akawa anaandikia kila picha maelezo yake: huu ni ukuta upi, umeelekea wapi, picha ilipigwa lini. Kila jioni alibonyeza amri ya 'Hifadhi', kama mwongozo ulivyomwagiza. Kompyuta ilipobadilishwa, picha zote zilinakiliwa katika mashine mpya. Picha zilifika, maelezo hayakufika hata moja. Magofu hayo yamo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalihesabiwa kuwa yamo hatarini. Fundi wa chokaa anayetaka kujua ukuta ulikuwaje kabla haujabomoka hasaidiwi na picha ya ukuta usiojulikana, na katika magofu kuta zinazofanana ni nyingi.

Karani hakukosea. Uliokosea ni mwongozo, na kosa lake ni la lugha.

Yafaa tueleze jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Faili ya picha hubeba picha yenyewe, na pia hubeba maneno. Kamera hutia humo tarehe, saa na hali ya lenzi kwa utaratibu uitwao Exif, uliotolewa Japani mwaka 1995. Mtu naye aweza kuongeza jina la mahali, jina la mpigapicha na maelezo mengine, kwa utaratibu wa IPTC, yaani baraza la kimataifa la vyombo vya habari lililoundwa mwaka 1965, au kwa ule wa XMP, uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 2001. Lakini si kila programu inayoandika humo papo hapo. Katika Lightroom, kwa mfano, mtumiaji asipoamuru vinginevyo, maneno yake huwekwa katika kanzidata ya programu, na faili ya picha haiguswi. Sababu yake ni ya maana: kufungua na kufunga maelfu ya faili huchelewesha kazi, na faili iguswayo mara nyingi yaweza kuharibika. Ili maneno yaingie katika faili, lazima itolewe amri ya pili. Hapo ndipo penye mushkeli, kwa kuwa hata Kiingereza huitaja amri hiyo kwa neno lile lile la kwanza, ambalo huweza kufasiriwa okoa, weka akiba au hifadhi.

Tofauti tunayoisema haikuanza na kompyuta. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota sarafu chache mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Zilikaa mkebeni mpaka mwaka 1979, alipozipeleka kwa wataalamu, na ikabainika kuwa tano kati yake ni za Kilwa. Zilijulikanaje, ng'ambo ya bahari yote ile? Ni kwa sababu sarafu za Kilwa zimepigwa jina la sultani katika shaba yenyewe. Mahali zilipookotwa, kwa upande mwingine, hapakuandikwa katika shaba; palijulikana kwa alama aliyoitia mwokotaji katika ramani. Ramani ingepotea, sarafu zingebaki za Kilwa, lakini zisizo na pwani ya kuokotwa. (Na kwa kuwa aghalabu hazikupigwa tarehe, wanahistoria wangali wakijadiliana kuhusu miaka ya masultani hao.)

Sasa tuje kwenye istilahi. Tunapendekeza kwamba 'hifadhi' libaki kwa tendo la kuweka maelezo katika kanzidata. Baadhi ya wafasiri huiita kanzidata 'hifadhidata', kwa hiyo neno limekwisha kuegemea huko. Kwa tendo la kutia maelezo ndani ya faili tunapendekeza 'pachika', neno ambalo mwashi wa zamani angelielewa alipokuwa akitia bakuli za kigeni katika lipu ya makaburi ya Kunduchi.

Wenzetu wawili walitupinga. Mmoja alitaka 'andika'. Lakini karani wetu aliandika kila siku, na hilo halikumwokoa. Mwingine alitaka 'rudisha katika faili'. Maelezo haya hayakupata kuwamo katika faili, basi yatarudije? Tena 'rudishia' tunalo tayari, nalo ni la mlango.

Lipo jambo la tatu. Aina nyingi za picha ghafi za kamera hazipachikwi maelezo. Badala yake programu huandika faili ndogo ya XMP, yenye jina lile lile la picha, na kuiweka kando yake. Hii tumeiita 'faili sindikizi'. Tumeambiwa kwamba msindikizaji humfikisha mgeni njia panda kisha akarudi. Ni kweli, na ndiyo maana tumelipenda: anayenakili picha akaisahau faili sindikizi atakuwa ameagana nayo njiani.

Kinyume cha pachika nacho kipo, pachua. WhatsApp, kwa mfano, hupachua maelezo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Atakaye yafike aitume kama hati. Amri katika miongozo basi ziwe hizi: 'Hifadhi maelezo katika kanzidata', 'Pachika maelezo katika faili', 'Andika faili sindikizi', 'Pachua maelezo'. Mfasiri akikuta amri ya Kiingereza isiyosema maelezo yanakwenda wapi, asiifasiri kabla ya kuijaribu mwenyewe kwa nakala ya picha, kisha aifungue nakala hiyo katika kompyuta nyingine.