Hesabu Iliyo Nyuma ya Kadi ya Chakula

Risiti ya kodi ya nyumba inaweza kuwa na thamani ya dola 196 kila mwezi. Thamani hiyo si ya mwenye nyumba, ni ya mpangaji anayeomba msaada wa chakula wa serikali ya Marekani na kukumbuka kuiambatisha kwenye fomu yake. Asiyeiambatisha hakataliwi. Anapewa kadi yake kama wengine, anaenda dukani kama wengine, na mwezi baada ya mwezi anaweza kupokea pungufu bila kujua kuna kilichopunguzwa.

Msaada huo ni SNAP, ingawa Waswahili wengi wa Louisville, Des Moines na Portland ya Maine bado huuita fudistempu, jina lililobaki kutoka enzi za kuponi. Stempu za kwanza zilitolewa Rochester, New York, mwaka 1939, zikasitishwa 1943. Rais John F. Kennedy alizirudisha kwa majaribio mwaka 1961, na Lyndon Johnson akatia saini sheria ya kudumu mwaka 1964. Kwa miaka mingi familia ililazimika kutoa fedha zake kwanza ili ipewe kuponi za thamani kubwa zaidi, na sharti hilo lilikuwa ukuta kwa maskini kabisa, mpaka sheria ya 1977 ilipoliondoa. Kuponi za karatasi nazo zimeshapita. Leo ni kadi ya plastiki, EBT, inayofanana na kadi ya benki. Katika mwaka wa fedha wa 2024 watu wapatao milioni 41.7 waliitegemea kila mwezi, yaani karibu mtu mmoja katika kila wanane nchini humo.

Fedha na kanuni zinatoka Wizara ya Kilimo ya serikali kuu, lakini fomu inapokelewa na ofisi ya jimbo. Ndiyo maana jina hubadilika njiani: California ni CalFresh, Wisconsin ni FoodShare. Tovuti ni tofauti, siku ya malipo ni tofauti, na aliyeelekezwa na shemeji yake wa jimbo jingine mara nyingi hujikuta anajaza fomu isiyo yake.

Mtu aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma amezoea mgao wa namna nyingine. Kambini kwa miaka mingi kilichohesabiwa ni vichwa: watu saba kwenye kadi, basi ni unga, maharage, mafuta na chumvi vya watu saba, au fedha za kiwango hicho. Hakuna aliyeuliza mama analipa umeme kiasi gani. Marekani vichwa vinahesabiwa pia, lakini hapo ndipo kazi inapoanza. Kuna mshahara, kodi, gesi ya kupashia nyumba joto, ada ya anayelea mtoto wakati mzazi yuko kazini, na kwa mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, au mwenye ulemavu, hata gharama za matibabu zinazozidi dola 35 kwa mwezi.

Chukua familia ya mfano: mama, baba na watoto wawili. Mmoja wa wazazi anafanya kazi ghalani, na mshahara kabla ya makato ni dola 2,400 kwa mwezi. Kwa kipindi cha Oktoba 2025 hadi Septemba 2026, katika majimbo 48 ya bara, familia ya watu wanne kwa kawaida haitakiwi kuzidi dola 3,483 kabla ya makato, kwa hiyo hawa wamo. Ofisi inaondoa kwanza asilimia 20 ya mshahara, kwa kutambua kwamba kwenda kazini nako kuna gharama. Zinabaki 1,920. Inaondoa dola 223 ambazo kila familia ya watu wanne huondolewa. Zinabaki 1,697. Sasa inakuja nyumba. Tuseme kodi ni 1,200, na umeme, maji na gesi vimekadiriwa kuwa 300, jumla 1,500. Kanuni inasema gharama ya nyumba inayozidi nusu ya kipato kilichobaki nayo iondolewe, hadi kikomo cha dola 744. Nusu ya 1,697 ni 848.50, na kilichozidi ni 651.50. Kipato kinachohesabiwa kinashuka hadi 1,045.50.

Serikali inachukulia kwamba familia itatumia asilimia 30 ya kipato hicho kujinunulia chakula, karibu dola 314. Kiwango cha juu cha SNAP kwa watu wanne ni dola 994. Toa 314, na kadi inapata dola 680.

Rudia hesabu hiyo bila risiti ya kodi wala bili ya umeme. Kipato kinabaki 1,697, asilimia 30 yake ni 510, na kadi inapata 484. Tofauti ni zile dola 196, ambazo kwa mwaka ni 2,352. Ofisi haijadanganya wala haijakosea. Gharama ambayo ofisi inadai ithibitishwe haikatwi isipothibitishwa, na maombi yanaendelea bila hiyo. Anayelipa kodi kwa fedha taslimu kwa mwenye nyumba asiyetoa risiti anaweza kuleta mkataba au barua iliyotiwa saini, lakini ofisi ikidai uthibitisho lazima alete kitu.

Hesabu hii inaeleza pia manung'uniko yanayosikika kila jimbo, kwamba fedha zinaisha kabla ya mwezi. Ni kweli zinaisha, kwa sababu hazikupangwa kutosha. Neno la kwanza katika jina rasmi la SNAP, Supplemental, linamaanisha nyongeza, na zile dola 314 zilizotolewa kwenye hesabu zinatarajiwa kutoka mfukoni mwa familia hata kama mfukoni hamna kitu baada ya kulipia gari.

Swali jingine linalobadilisha hesabu ni nani aingie kwenye fomu. Kwa kawaida kanuni haiangalii ukoo wala anwani, inaangalia wanaonunua na kupika pamoja. Mpwa aliyekuja kutafuta kazi, anayelala sebuleni lakini ananunua chakula chake na kujipikia, anaweza kuomba peke yake. Lakini mume na mke wanaoishi pamoja hawawezi kutenganishwa, na mtoto aliye chini ya miaka 22 anayeishi na wazazi wake huhesabiwa nao hata akiwa na sufuria yake na friji yake. Katika nyumba za Wakongomani na Warundi, ambako mgeni wa wiki mbili huweza kukaa mwaka, hapa ndipo makosa mengi huingia. Familia inamwandika binamu kwa heshima ya udugu, mshahara wake unaingizwa kwenye hesabu, na msaada unashuka wakati binamu mwenyewe anakula kazini.

Kuhusu tarehe, ushauri ni mmoja na unapuuzwa mno: fomu ipelekwe siku ile ile mtu anapoamua kuomba. Ili maombi yahesabiwe yamewasilishwa, jina, anwani na saini vinatosha. Vielelezo vingine vinaweza kufuata. Msaada wa mwezi wa kwanza hukokotolewa tangu siku fomu ilipofika ofisini, kwa hiyo kwa familia ya mfano wetu kila siku ya kungoja karatasi zikamilike ni kama dola 22 zilizopotea. Ofisi ina siku 30 za kutoa jibu. Kwa walio hoi kabisa ni siku 7, kwa mfano wale wenye kipato cha chini ya dola 150 kwa mwezi na akiba isiyozidi dola 100, au wale ambao kodi na bili zao zinazidi kipato na akiba yao vikijumlishwa.

Katikati kuna usaili, mara nyingi kwa simu, na mara nyingi kutoka namba isiyotambulika. Wengi hawaipokei wakidhani ni matapeli. Anayeipokea ana haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili bila kulipa hata senti, na ni bora asubiri dakika kumi mkalimani apatikane kuliko kumwita mwanawe wa darasa la sita aje atafsiri mapato ya baba yake.

Mwaka 2025 mlango wenyewe ulifanywa mwembamba. Sheria aliyoitia saini Rais Donald Trump tarehe 4 Julai iliwaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye orodha ya wanaostahili, mpaka watakapopata ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi. Kabla ya hapo mkimbizi aliweza kuomba tangu wiki yake ya kwanza nchini. Sasa, kwa kuwa mkimbizi huruhusiwa kuomba grini kadi baada ya kukaa mwaka mmoja, na maombi nayo huchukua muda wake, familia iliyotoka Kivu inaweza kupita kipindi kigumu kuliko vyote bila kadi. Akishaipata grini kadi, aliyeingia kama mkimbizi hasubiri zaidi. Hilo linamtofautisha na Mkenya au Mtanzania aliyeingia kwa bahati nasibu ya viza, ambaye akiwa mtu mzima kwa kawaida husubiri miaka 5. Watoto wake wenye grini kadi walio chini ya miaka 18 hawasubiri, na waliozaliwa Marekani ni raia tangu siku ya kwanza. Mzazi asiyestahili anaweza kuwaombea wanawe bila kujiombea mwenyewe. Atatakiwa kueleza kipato chake, lakini hatakiwi kueleza hali yake ya uhamiaji.

Sheria hiyo hiyo ilipanua sharti la kazi. Mtu mzima mwenye afya, asiye na mtoto wa chini ya miaka 14, sasa anatakiwa kufanya kazi, mafunzo au kujitolea saa 80 kwa mwezi mpaka afikishe miaka 65. La sivyo atapata miezi 3 tu ya msaada katika kila miaka 3. Zamani sharti liliishia miaka 54. Baba wa miaka 60 mwenye mgongo uliochakaa kwa kazi ya mashamba anahitaji barua ya daktari inayosema wazi kwamba hawezi kufanya kazi. Kidonge cha maumivu alichoandikiwa hakitasomwa na ofisa yeyote kama ushahidi.

Dukani mambo ni mepesi zaidi, ingawa kuna vichekesho vyake. Kuku aliyechomwa, akiwa bado wa moto kwenye kabati la kioo, kwa kawaida hanunuliki kwa kadi. Kuku yule yule akipoa na kuwekwa kwenye friji ya duka, ananunulika. Kuku hai haruhusiwi, lakini aliyechinjwa kabla ya mteja kumchukua anaruhusiwa. Sabuni, nepi, karatasi za chooni, dawa, vitamini, bia na sigara havimo. Mchele, unga wa mahindi, samaki wakavu, mawese na sombe iliyogandishwa vimo, na duka la Mwafrika mwenzako linaweza kuviuza kwa kadi ikiwa limesajiliwa na Wizara ya Kilimo. Mteja anaweza kuweka kila kitu kwenye kaunta kwa pamoja. Mashine inatenganisha yenyewe, kadi inalipa chakula bila kodi ya mauzo, na salio la sabuni analilipa kwa fedha zake. Tangu Januari 2026 majimbo kadhaa, Indiana na Iowa yakiwemo, yamezuia soda pia, kwa hiyo chupa iliyokubaliwa upande huu wa mpaka inaweza kukataliwa ng'ambo ya mto.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kadi inanunua mbegu na miche ya mimea ya chakula. Kwa mwenye kipande cha bustani ya jamii, pakiti chache za mbegu za lengalenga au maharage wakati wa machipuko ni matumizi mazuri kuliko karibu kila kitu kingine dukani. Masoko mengi ya wakulima nayo hupokea EBT, na mengine, kupitia mpango wa Double Up Food Bucks ulioanzia Detroit mwaka 2009, humwongezea mnunuzi fedha za matunda na mboga kulingana na alizotumia.

Fedha zisizotumika huvuka kwenda mwezi unaofuata. Kinachofanya ziondoke ni kuacha akaunti bila kuigusa kwa takriban miezi 9, au wezi. Kadi nyingi za EBT bado zina utepe wa sumaku tu, bila chipu, na matapeli hubandika kifaa juu ya mashine ya kulipia kinachonakili kadi na namba ya siri. Usiku fedha zinapoingia, wanazikomba wakiwa jimbo jingine. Serikali kuu ilikuwa ikifidia wizi huo, lakini idhini hiyo iliisha tarehe 20 Desemba 2024 na Bunge halikuiongeza. Kinga iliyobaki ni mikononi mwa mwenye kadi: kubadili namba ya siri kabla ya siku ya malipo, kukwepa namba za aina ya 1234, na kuifunga kadi kwa programu ya simu pale jimbo linaporuhusu.

Baada ya hapo kuna barua. Kila baada ya miezi 6 au 12, kutegemea jimbo na aina ya familia, ofisi hutuma fomu ya kuhuisha taarifa, mara nyingi kwa Kiingereza, ikiwa na tarehe ya mwisho. Isiporudishwa, kadi inanyamaza, na wanaokutwa na hali hiyo wengi bado wanastahili kama walivyostahili mwezi uliopita. Aliyehama nyumba bila kutoa anwani mpya ndiye wa kwanza kuumia. Barua ya kupunguza au kukata msaada lazima ieleze sababu, na nayo inajibika: mwombaji ana siku 90 za kudai usikilizwaji mbele ya ofisa asiyehusika na uamuzi wa kwanza. Akidai kabla ya tarehe ya makato iliyoandikwa kwenye barua, na muda wake wa usajili ukiwa haujaisha, anaweza kuendelea kupokea kiwango cha zamani mpaka uamuzi utoke. Akishindwa, atadaiwa alichopokea zaidi.