Mipango si matumizi: Funzo la Bura kwa miradi ya umma

MRADI wa umma unapokwama, lawama huelekezwa kwa mkandarasi au kwa ufisadi. Hata hivyo, mara nyingine chanzo cha balaa ni utaratibu wenyewe wa kuusimamia, jinsi inavyodhihirishwa na mradi wa unyunyizaji maji wa Bura, katika Kaunti ya Tana River.

Utaratibu wa jadi serikalini ni wa hatua kwa hatua. Kwanza wataalamu hutathmini iwapo mradi unafaa. Kisha wahandisi huchora ramani, gharama hukadiriwa, pesa hutengwa katika bajeti na zabuni hutangazwa. Hapo ndipo ujenzi huanza, na hatimaye mradi hukabidhiwa wananchi. Hatua moja haianzi kabla ya iliyotangulia kuidhinishwa.

Mfumo huu una manufaa yake. Pesa za umma si mali ya afisa yeyote, hivyo ni sharti kila shilingi iwe na idhini. Mkaguzi wa hesabu anapofika, hulinganisha kilichoahidiwa na kilichojengwa. Kwa kazi ambayo mahitaji yake yanajulikana vyema, kama vile jengo la shule, utaratibu huu hufaa sana.

Tatizo huzuka pale hali inapobadilika ilhali mpango umekwisha kutiwa sahihi.

Katika mpango wa Bura wa mwaka wa 1977, serikali, ikisaidiwa na Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ilinuia kunyunyizia maji hektari 6,700 za nyika karibu na Mto Tana. Maelfu ya familia zisizo na ardhi kutoka pembe mbalimbali za nchi zingepewa makao huko, zilime pamba na mahindi. Maji yalitarajiwa kuteremka yenyewe kwa mfereji kutoka mtoni. Kwa muda tu, yangevutwa kwa pampu za dizeli.

Miaka miwili baadaye, bei ya mafuta ilipanda kote duniani kufuatia mapinduzi ya Iran. Gharama ya ujenzi nayo ilizidi makadirio. Kilichopunguzwa ni shamba lenyewe: takriban hektari 2,500 pekee ndizo zilizotayarishwa. Mfereji uliahirishwa, na pampu za muda zikageuka kuwa za kudumu.

Waliolipia makosa hayo si waliochora ramani, bali ni familia zilizokuwa zimehamia huko. Pampu zilipoharibika, mimea ilinyauka shambani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilimo kilikuwa kimekwama, na wengi hawakuwa na shamba lingine la kurejea. Mathenge, mti uliopandwa huko miaka ya 1980 ili kuwapa wakazi kuni, ulienea na kuvamia ardhi iliyoachwa.

Kazi ya kujenga mfereji wa kuteremsha maji ilianza katika miaka ya 2010, zaidi ya miaka 30 baada ya mpango wa kwanza.

Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka wa 2015 inazuia bei ya kandarasi kupandishwa katika miezi 12 ya kwanza, na mabadiliko yote kwa jumla hayaruhusiwi kuiongeza kwa zaidi ya asilimia 25. Kizuizi hicho huziba mianya ya wizi. Lakini pia humaanisha kwamba kosa lililoingia kwenye ramani ni vigumu kulirekebisha baadaye.

Kwa hivyo, maswali magumu yanafaa kuulizwa kabla ya sahihi kutiwa, katika vikao vya kushirikisha umma vinavyotakiwa na Katiba ya 2010. Nani atanunua mafuta na vipuri wafadhili wakiondoka? Bei ikipanda, ni sehemu gani itakayopunguzwa? Na ikipunguzwa, ni nani atakayebaki bila maji?

Wahenga walinena kuwa mipango si matumizi. Wakazi wa Bura walijifunza maana ya methali hiyo shambani, wakingoja maji.