Kijana, Usitupe Karatasi Kabla ya Kuujaribu Mkono

Katika nchi ya Kasongo na Kabambare hakuna nyumba isiyojua gharama ya kusomesha mtoto. Ili kijana mmoja akae chuoni mwaka mzima, huko Kindu, Bukavu au Lubumbashi, mpunga huuzwa, mawese huuzwa, mbuzi huuzwa. Na mjomba aliye machimboni Salamabila huombwa naye alete fungu lake. Basi kijana yule, akiwa katika mwaka wake wa pili, apigapo simu nyumbani na kusema: "Baba, nataka kuacha masomo ya ualimu, nijifunze kutengeneza tovuti," neno lake si la mtu mmoja tena. Ni neno la ukoo mzima.

Wasomaji wapenzi, swali hili limeingia katika nyumba nyingi siku hizi. Wazee wengine hulijibu kwa hasira: "Tulikutuma kutafuta diploma, si kuchezea mashine!" Vijana wengine hulijibu kwa ndoto, kwa kuwa wamesikia ya kwamba mtu aweza kukaa kwake na kulipwa dola na watu wa Ulaya. Lakini hasira si mshauri, wala ndoto si mshauri. Twataka leo kulipima jambo hili kwa utulivu, upande kwa upande.

Ufundi huu ni nini?

Tovuti ni kurasa zilizowekwa katika kompyuta iliyo macho mchana na usiku, ili kila mwenye simu na mtandao aweze kuzifungua, awe Kabambare au awe Brussels. Aliyebuni njia hiyo ni Mwingereza Tim Berners-Lee, mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika CERN, maabara kubwa ya wanasayansi karibu na Geneva. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza ya kwamba watu wote wanaweza kuutumia uvumbuzi huo bila malipo. Kwa sababu hiyo ufundi wa tovuti umekuwa mlango usio na kufuli: mtoto wa mkulima aweza kuuingia sawa na mtoto wa tajiri, mradi awe na kompyuta na subira.

Fundi hujenga ukurasa kama vile tunavyojenga nyumba. Lugha iitwayo HTML husimamisha nguzo na kuta. CSS hupaka chokaa na rangi. JavaScript hufanya milango ifunguke na kufungwa mtu anapoigusa. Tena nyuma ya nyumba iko ghala ambamo majina, hesabu na malipo hutunzwa, na ghala hiyo huhudumiwa kwa lugha nyingine kama PHP au Python. Anayejua kupaka chokaa tu hajawa bado fundi wa nyumba.

Hapa vijana wengi hukosea. Hudhani ya kwamba kuhamia idara ya informatika ni kwenda kujifunza tovuti tu. Sivyo. Katika idara hiyo watakutana na hesabu, mpangilio wa mitambo, njia za kuunganisha kompyuta, hata uwekaji wa vitabu vya biashara. Ni elimu njema, nasi twaisifu. Wasalesiani wa Don Bosco wanayo shule ya juu ya namna hiyo huko Lubumbashi, iitwayo Salama. Lakini anayekimbia hesabu za kitivo chake ataikuta hesabu nyingine ikimngoja mlangoni.

Milango miwili

Kazi za dunia zina milango ya namna mbili. Mlango wa kwanza hulindwa na karatasi. Hakuna atakayekuruhusu kupasua tumbo la mgonjwa, wala kusimama mbele ya hakimu kama wakili, kwa sababu tu umejifunza mwenyewe usiku kwa taa. Mlango wa pili hulindwa na mkono. Fundi seremala haulizwi diploma, huambiwa: "Tuoneshe kiti ulichokitengeneza."

Ufundi wa tovuti ni wa mlango wa pili. Ni kweli, makampuni mengine makubwa huuliza karatasi. Lakini mteja wa kawaida, mwenye duka, shule au hospitali, hutaka kwanza kuona kazi uliyokwisha kuifanya na kujua kama yasimama.

Tazameni basi matokeo yake. Mwuguzi mwenye diploma aweza kujifunza tovuti baadaye, akiwa na miaka 25 au 40, bila kuomba ruhusa ya mtu. Fundi wa tovuti aliyeacha uuguzi hawezi kuwa mwuguzi baadaye ila kwa kurudi darasani na kulipa upya. Mlango mmoja hukungoja. Mwingine hufungwa nyuma yako. Ndiyo sababu twasema: usitupe karatasi kabla ya kuujaribu mkono.

Wengine watatujibu kwa methali: "Mshika mbili, moja humponyoka." Methali ni ya kweli kwa anayefuata njia mbili. Lakini hapa hakuna njia mbili. Tovuti ni jembe. Ualimu, uuguzi, sheria na kilimo ni shamba. Mwenye jembe asiye na shamba atalima wapi?

Waliokuwa na shamba kwanza

Huyo Berners-Lee mwenyewe alisomea fizikia katika Oxford. Alibuni tovuti kwa sababu aliona taabu ya wanasayansi wenzake, ambao habari zao zilitawanyika katika kompyuta zisizosikilizana.

Tuje kwa jirani zetu wa Kenya. Ory Okolloh alisomea sheria. Kwa kuwa alijua kazi ya bunge, mwaka 2006 alianzisha pamoja na Conrad Akunga tovuti ya Mzalendo, ili wananchi wajue wabunge wao wanafanya nini. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 damu ilimwagika nchini mwao. Mwanasheria huyo akatoa wazo la kuonesha katika ramani mahali penye machafuko, na wajuzi wa kompyuta kama David Kobia na Erik Hersman wakalijenga wazo hilo kwa siku chache tu, Januari 2008. Wakaliita Ushahidi. Mwaka huohuo programu hiyo ilitumika pia kwa habari za vita vya Kivu. Mafundi walileta jembe. Lakini aliyejua shamba ni mwanasheria.

Na hapa kwetu je? Kasongo ina sifa ambayo vijana wengi hawaijui. Katika miaka ya 1970 waganga na wauguzi wa Kasongo, wakisaidiana na Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerp, walipanga huduma za afya kwa namna iliyokuja kuwa mfano kwa kanda za afya za nchi nzima. Uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo ulichapishwa mwaka 1981 katika The Lancet, jarida la waganga linalosomwa ulimwenguni kote. Uchunguzi huo haukuhitaji tovuti; ulihitaji watoto wahesabiwe na kuandikwa kwa uangalifu.

Leo taarifa za kanda za afya huingizwa katika DHIS2, programu inayofanya kazi kwa njia ya mtandao na kutunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mwuguzi anayeelewa namna programu hiyo ilivyojengwa, tena anaijua surua kwa macho yake, ana thamani kuliko mwuguzi asiyejua kompyuta, na kuliko fundi asiyejua surua. Kadhalika mwanafunzi wa sheria: tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina sheria kuu ya mambo ya kidijiti, nayo yataka wanasheria wanaojua tovuti ni nini. Kadhalika mwanafunzi wa kilimo: mpunga wa Kasongo huuzwa kwa bei ya kubahatisha, kwa sababu mkulima hajui bei ya Kindu. Ni nani atakayejenga ukurasa wa bei, kama si yule anayejua mpunga?

Tusimdhulumu kijana

Hata hivyo kijana naye ana hoja zake, na ni haki zisikilizwe. Ataona walimu wenye diploma wanaokaa miaka bila mshahara wa serikali. Tena mwanzoni mwa mwaka 2025 vita vilifika mpaka Goma na Bukavu, na masomo ya wengi yakavurugika. Kijana aliyeona hayo husema: ufundi ulio mkononi, nikikimbia nakimbia nao. Hoja hiyo ina uzito.

Lakini naye azisikie habari za upande wa pili. Ufundi huu hula umeme na mtandao. Anayetegemea paneli ndogo ya jua, na kununua mega kidogo kidogo, hawezi kumwahidi mteja wa Ulaya kazi ya kila siku. Tumaini lipo: Mei 2025 serikali iliruhusu Starlink kuuza mtandao wa satelaiti nchini. Lakini chombo chake na malipo ya kila mwezi si mzigo wa mwanafunzi mmoja.

Tena soko lenyewe limebadilika. Novemba 2022 kampuni ya Meta ilitangaza kuwaondoa kazini watu 11,000, na Januari 2023 Google ikatangaza 12,000. Novemba ileile ya 2022 ilitokea ChatGPT, na tangu hapo programu za akili bandia huandika ukurasa mwepesi kwa dakika chache. Aliyejifunza majuma machache ili auze kurasa nyepesi ashindana na mashine isiyolala wala kula. Atakayebaki na kazi ni yule anayeelewa taabu ya mteja, na kuweza kuona mahali mashine ilipokosea.

Nani ahame, nani abaki?

Aliyebakiza mwaka mmoja apate diploma, amalize. Katika utaratibu wa LMD lisansi yapatikana kwa miaka 3. Kuacha mwaka wa mwisho ni kuuza shamba wakati wa mavuno.

Aliye katikati, asihame kwa sababu ya somo moja lililomshinda au mwalimu mmoja mkali. Afanye kwanza jaribio tutakaloeleza hapa chini.

Aliye mwaka wa kwanza, ambaye kitivo alichaguliwa na wengine, na moyo wake haumo kabisa, huyo aweza kuhama kwa heshima, kama jaribio limemkubali. Ni afadhali kupoteza mwaka mmoja kuliko kutumikia miaka 30 kazi anayoichukia. Lakini aulize kwanza katika ofisi ya chuo ni masomo gani yatahesabiwa na ni yapi atayaanza upya, na gharama yote ni kiasi gani. Aipate kwa maandishi, ndipo azungumze na wazazi.

Jaribio la miezi 6

Jaribio ni hili. Kwa miezi 6, bila kuacha masomo, kijana ajifunze saa moja kila siku. HTML na CSS hazihitaji mtandao kuandikwa: kompyuta kuukuu na programu nyepesi ya kuandikia zatosha. Masomo ya bure yako, kama freeCodeCamp, na maelezo ya MDN yanayopatikana hata kwa Kifaransa. Ayashushe siku moja ya juma penye mtandao, ayasome siku nyingine.

Mwezi wa 4 atafute mtu mmoja mwenye haja ya kweli: shule yenye matokeo ya kutangaza, ushirika wa wakulima, zahanati, kwaya ya parokia. Amjengee ukurasa mpaka uishe, autumie mwenyewe huyo mtu, kisha autengeneze tena utakapoharibika. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, aliijenga tovuti yake juu ya miujiza ya Ekaristi akiwa bado mwanafunzi. Hakungoja diploma, wala hakuacha shule.

Miezi 6 ikiisha, kijana ajiulize maswali matatu. Je, nilifanya kazi hata siku nisizokuwa na hamu? Je, nilipokwama usiku kucha kwa sababu ya alama moja iliyokosekana, nilirudi kesho yake? Je, yuko mtu anayeutumia ukurasa wangu? Akijibu ndiyo mara tatu, ana ufundi wa kuongeza juu ya masomo yake, au sababu ya kweli ya kuhama. Akijibu hapana, hakupoteza kitu: karatasi yake bado iko, na fedha ya mpunga haikuliwa bure.

Neno kwa wazazi

Enyi baba na mama, kijana akija na swali hili, msilizime kwa ukali, maana atafanya kwa siri yale mliyomkataza kwa wazi, nanyi mtalipia masomo asiyoyahudhuria. Mwambieni: "Tuoneshe kiti ulichokitengeneza." Akikileta, kitazameni vizuri, mwulize mtu ajuaye, kisha kaeni naye mfanye shauri kama watu wazima.

Nawe kijana, kumbuka mbuzi waliouzwa. Si deni la kukufunga usihame kamwe. Ni sababu ya kuhama, ukihama, ukiwa na kazi mkononi ya kuwaonesha.